Kinyonga Juu ya Rula

Niliwaua askari wangu mwenyewe, nikawaacha wezi waendelee kula. Wala sikuua kwa bahati mbaya. Niliua kwa bidii, asubuhi nzima, nikiwa nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi katikati ya kunde, kopo la maji ya sabuni mkononi, napiga mluzi. Nilikuwa nawaokota mmoja mmoja wadudu fulani waliotambaa juu ya majani: weusi, warefu kama punje ya mchele, wana vidoa vya rangi ya chungwa na miguu inayochomoza ubavuni, mfano wa mamba mdogo aliyesahauliwa juani. Nyuso zao hazikunipendeza. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi nzima, na hukumu ikawa sabuni.

Kando yao, kwenye vikonyo vya majani machanga, walikuwa wamejipanga wadudu wengine, wadogo sana, weusi, wanene, watulivu kama waumini waliowahi sala. Hao niliwaacha. Nilidhani ni mayai ya wale mamba. Nikajiambia, nikishamaliza wazazi, watoto watakufa kwa upweke.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, na baiolojia nilifanya, ingawa alama niliyopata mamangu hakuitangazia majirani. Ingefaa nijue. Wale mamba walikuwa watoto wa wadudu tunaowajua wote tangu utotoni, wale wekundu wa mgongo wa duara wenye madoa meusi, ambao tulikuwa tukiwapandisha kidoleni mpaka ncha ya ukucha tuwaone wakiruka. Wakubwa kwa wadogo, kazi yao hapa duniani ni kuwala wale weusi wanene. Na wale weusi wanene, ambao vitabuni huitwa vidukari, kazi yao ni kufyonza kunde mpaka majani yajikunje kama ngumi. Nami niliwaondolea adui wao mkubwa, kwa mkono wangu, nikipiga mluzi.

Kunde hizo zingekuwa zangu, ningecheka nikarudi kwenye cherehani. Lakini zilikuwa za mama.

Mama alikuja kukaa nami hapa Bofu, mtaa wa ng'ambo ya feri, baada ya kuanguka. Kwake ni Rabai, na tangu baba afariki alikuwa akikaa peke yake, hataki kuambiwa. Jioni moja aliteleza jikoni, akalala pale sakafuni mpaka asubuhi, jirani alipokuja kuomba moto. Nilikwenda kumchukua mwenyewe, mimi ambaye wenzangu wakivuka feri kwenda mjini tu huwaombea dua kama wanaokwenda Hija. Alikubali kuja kwa sharti moja, nalo ni mboga. Mama hali mboga ambayo hakuiona ikiota. Ya sokoni, kwa imani yake, imemwagiliwa maji ya mtaro, na isiyomwagiliwa mtaro imepigwa dawa.

"Mimi presha ninayo tayari," alisema, "sina haja ya kuiongezea sumu. Siku nitakayokosa mboga hapa, baba, nafunga kapu langu narudi kwangu."

Huniita baba kwa sababu nina jina la babake. Akiniita hivyo sina pa kushika; huwezi kubishana na mtu ambaye anakuheshimu na kukuamrisha kwa neno moja. Na nilijua kwamba hatishi. Mama akisema anakwenda, kwenda kwake ni kwenda. Kila nilipozitazama zile kunde zikijikunja, niliona sakafu ya jikoni kule Rabai na mtu amelala juu yake.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, nashona sare za shule na mapazia, na mlango wa mbele naufungua kwa ajili ya wateja, si kwa ajili ya kutoka. Nyuma kuna ua wenye kipande cha ardhi, mchanga mtupu uliochanganyika na vipande vya matumbawe, ambao nilikuwa nimeulisha maganda, majani yaliyooza, na mavi ya kuku wa jirani. Mavi hayo sikuyaomba. Kuku wenyewe waliyaleta kupitia ua wa makuti unaotutenga, kila walipokuja kufukua nilichopanda.

Mwenye kuku ni mwanamke mtu mzima wa ukoo wa zamani wa kule mjini kisiwani, anayepika mahamri na mbaazi na kuviuza asubuhi mlangoni pake. Kiswahili chake hukifanya changu kionekane kimeshonwa na mwanagenzi. Tunazungumza kupitia matundu ya makuti, yaani yeye huzungumza, mimi huitika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, kunde zako zina nini, mbona zimevaa buibui?"

Nilitazama. Kweli, kuanzia shina mpaka ncha, vidukari walikuwa wamezifunika gubigubi.

"Ni wadudu."

"Kwani mimi sina macho? Nakuuliza, wewe wafanyani?"

"Nimeshawatoa wale wakubwa."

"Na hawa wadogo wangoja wakue?"

Kisha mkono wake ukatokea juu ya makuti, umeshika kopo la dawa ya mbu. Jirani yangu huyo ana imani moja isiyotikisika baada ya ile ya Mwenyezi Mungu, nayo ni kopo la dawa ya mbu. Huipiga chumbani, jikoni, kabatini, na siku moja nilimwona akimpigia paka.

"Piga hii. Mbu wafa, kombamwiko wafa, sembuse hawa?"

Kabla sijanyoosha mkono, sauti ya mama ikatoka ndani, "Ikipigwa hiyo, mimi nimeshakwenda!"

"Haya," akasema jirani, na kopo likarudi kwao taratibu kama jua linalotua. "Mamako masikio anayo. Presha imemwachia masikio."

Basi nikaamua kutengeneza dawa isiyo sumu. Kila mtu wa Pwani anajua mwarobaini, na kila mtu ana shangazi aliyepona kitu kwa mwarobaini. Nilichuma majani, nikayatwanga kwenye kinu pamoja na pilipili na kitunguu saumu, nikachuja kwa kitambaa cha bitana, nikatia sabuni. Kiasi cha sabuni? Nilitia kwa moyo mkunjufu. Kisha nikachagua saa ya kunyunyiza, nikachagua adhuhuri, jua liko utosini, kwa sababu ndipo nilipomaliza kula. Upepo wa bahari nao ukachagua kuvuma kuja upande wangu.

Nilipofikicha macho kwa mikono ile ile iliyotwanga pilipili, mama alitoka akasimama mlangoni kunitazama nikizunguka ua mzima natafuta ndoo kwa kupapasa.

"Baba," akasema, "hao wadudu wanakuonea huruma."

Kufika jioni ya kesho yake, majani niliyoyanyunyiza yalikuwa yameungua kingo, ya kahawia kama mkate uliosahauliwa jikoni. Vidukari walipungua, siwezi kuwanyima haki yao ya kufa. Lakini waliobaki walihamia kwenye vichipukizi, na kunde zenyewe sasa zilikuwa na wagonjwa wa aina mbili: waliofyonzwa na wadudu, na waliotibiwa na mimi. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba mwarobaini si wa kulaumiwa. Ungenyunyizwa jioni, na sabuni kidogo mno, ungefanya kazi yake bila kelele. Mkosaji alikuwa mpishi.

Niliketi tena juu ya mbuzi, safari hii bila mluzi. Mbuzi ile haina meno tena, chuma chake kilikatika, na kiti kilichobaki ni kifupi kiasi kwamba ukikaa, uso wako unakuwa sawasawa na jani la kunde. Kwa mtu mvivu wa kutembea, hakuna mahali pazuri zaidi pa kuangalia dunia. Na hapo, chini ya jani moja ambalo sikulifikia kwa kopo wala kwa dawa, nikamwona mamba mmoja amebaki.

Alikuwa anatembea juu ya kikonyo, anayumba kama mtu aliyebeba gunia. Akafika kwa kidukari wa kwanza, akamshika, akamwinua juu miguu ikielea, akamnyonya mpaka akabaki ngozi tupu, akaitupa. Akaenda kwa wa pili. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Hakupumzika, hakutazama kushoto wala kulia, hakupiga kelele. Nimewahi kuona wanaume wakila pilau la arusi, lakini sijaona mlaji mwenye adabu na bidii kama yule.

Hapo ndipo nilipolielewa kopo langu la sabuni. Kisha nikamwomba msamaha kwa sauti, na jirani akauliza kutoka upande wa pili kama nimepata mgeni.

Tangu siku ile nilibadilisha kazi. Niliacha kuwa mwenye shamba nikawa bawabu: kazi yangu kufungua mlango, kufunga mlango, na kutouliza maswali. Majani yaliyoungua niliyakata. Vichipukizi vilivyojaa vidukari nilivipangusa kwa vidole na maji, nikivibakiza vichache makusudi, maana ukimaliza chakula chote mlaji atakuja kufanya nini? Mchunga wa mama, ile mboga chungu inayoota yenyewe, ulikuwa umeanza kutoa maua ya manjano na nilitaka kuung'oa. Mama akakataa, anataka mbegu. Nikauacha, na juu ya maua yale wakaja nyuki wadogo, na inzi fulani wenye mistari wanaosimama hewani bila kushika kitu, kama wamening'inizwa kwa uzi. Watoto wa inzi hao nao hula vidukari. Niliuacha mrehani pia utoe maua, hali zamani nilikuwa nikiukata kila wiki ili uonekane nadhifu. Unadhifu wangu, nikagundua, ulikuwa njaa ya watu wengine.

Wale wekundu walirudi. Sikuwaita, sijui walipokuwa. Asubuhi moja mmoja alikuwa juu ya jani, amefunga mabawa yake kwa makini kuliko mimi ninavyokunja shati la mteja. Kisha wawili, kisha wengi. Wakataga mayai yao ya manjano, wima wima, chini ya majani, nami nikayapita kwa heshima kama mtu anayepita mbele ya msikiti. Vidukari wakaanza kupungua, na kunde zikafungua ngumi zake.

Nyigu naye alijenga. Ni yule mwembamba wa kiuno, anayejenga kwa tope, na mahali alipopachagua ni tundu la ufunguo wa droo ya cherehani yangu. Zamani ningembomoa. Sasa nilihamisha mikasi na vifungo, nikamwachia droo, nikawa namtazama akirudi kutoka kwenye mchicha amebeba kiwavi mnono kuliko yeye, akimsukuma ndani, akitoka tena. Wateja walilalamika. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi ya bintiye alisema hawezi kusimama karibu na mdudu huyo. Nikamwambia ndiye mshirika wangu wa biashara. Aliichukua sketi bila kuangalia upindo, na ilikuwa heri, maana upindo ule haukuwa mzuri.

Chini ya karai lililotoboka, ambalo nililifunika upande upande likabaki na kivuli na unyevu, chura akahamia. Mama hakujali. "Chura ni mtu wa kawaida," alisema. Na jioni moja alichuma kunde kwa mkono wake mwenyewe, akaziosha, akazikatakata, akazipika kwa tui la nazi, akala na sima, akalamba kidole. Hakunisifu. Aliniambia tu, "Leo nimekula," na mimi nikaenda barazani nikashona mkono wa shati kinyume kwa furaha.

Ningependa kuishia hapo, lakini mvua za mwaka zilikuja, na zilipokatika, wakaja panzi.

Panzi si kidukari. Hajipangi, hasubiri. Anaruka, anang'ata, anaruka. Wale wekundu hawamwezi, nyigu wangu alipendelea viwavi, na chura hutoka jioni wakati panzi ameshashiba. Nilianza kuona matundu kwenye majani, na mama akaanza kuyaona pia, akiyainua majani juu kwenye mwanga moja moja bila kusema kitu. Kunyamaza kwa mama ndiko kunakonitisha.

Ndipo akaja yeye. Nilimkuta juu ya mti wa kunde uliotambaa kwenye kijiti, naye wa kijani ile ile, na ningempita kama jicho lake moja lisingegeuka kunifuata. Lile jingine lilikuwa linaangalia nyuma, kwa panzi. Nasema wazi kwamba niliruka nyuma mpaka nikakalia karai la chura. Mimi ni mtu mzima na ninaogopa vinyonga, nililelewa kuwaogopa. Lakini sikuweza kuondoa macho. Aliinua mguu mmoja mbele, akaurudisha, akauinua tena, kama fundi anayesita kukata kitambaa cha bei, asije akakosea. Vidole vyake vilikuwa vimegawanyika, vimekibana kijiti kama kibanio cha nguo. Akasogea. Akasimama. Sikuuona ulimi; niliona tu kwamba panzi alikuwepo, kisha hakuwepo, na kinyonga anatafuna taratibu, jicho moja bado kwangu.

Alikaa, na matundu mapya yakaacha kuonekana. Nilimficha. Kila mama alipokuja uani, nilisimama mbele ya kijiti kile kama pazia, nikisema mambo ya hali ya hewa. Lakini mama si mtu wa kufichwa kitu na mtu aliyemzaa. Siku moja alinisukuma kando kwa mkongojo wake.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, amejifunika mdomo kwa leso.

"Kinyonga," akasema. "Kinyonga katika mboga ninayokula."

"Mama, anakula panzi."

"Anaangalia mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Kiumbe wa namna hiyo anatafuta nini kwenye nyumba ya watu? Kwetu akiingia uani, watu wanahama."

"Mama, bila yeye kunde zitaliwa."

"Basi zitaliwa. Mimi na huyo hatukai ua mmoja. Chagua."

Jirani alikuwa ameshafika kwenye makuti. Masikio yake nayo ni mazima. "Mtie tumbaku mdomoni," akashauri. "Wallahi, hamalizi dakika."

"Nani wa kumfungua mdomo?" nikauliza. "Wewe?"

"A'a! Mimi niko huku kwetu."

Sikumtia tumbaku. Nilikwenda kuchukua rula yangu ya mbao, ile ndefu ya kupimia kitambaa, nikaishika mwisho kabisa kwa vidole viwili, mkono umenyooka, uso nimeugeuza kando, nikaiweka ncha yake mbele ya miguu ya mnyama yule. Alifikiri. Kisha akapanda. Nilitembea nimeinyoosha rula mbele yangu kama mtu anayebeba sinia la moto, na yeye akaanza kutembea juu yake kuja kwangu, hatua mbele, hatua nyuma, inchi kwa inchi, kana kwamba ananihakikishia vipimo. Kila alivyosogea, mimi nililia kidogo. Wateja wawili waliokuwa barazani walinitazama nikipita mlango wa mbele, nikavuka njia, nikafika kwenye kichaka cha uwanja mtupu ulio ng'ambo, nikaielekeza rula kwenye tawi. Akashuka bila haraka. Nikarudi nikikimbia, ijapokuwa hakuna aliyenifukuza.

Mama aliridhika. Panzi waliridhika zaidi. Mvua ilikuwa imewazaa wengi, na wakaja kula kama wanaojua bawabu amefukuzwa kazi. Niliwawinda kwa ndoo, kwa chandarua kikuukuu, kwa mikono. Nilipata wachache, na maumivu ya kiuno. Asubuhi moja mama aliinua jani la kunde mbele ya macho yangu. Tuliangaliana kupitia matundu yake.

"Hizi umezishona lesi, baba?"

"Zitachipua tena."

"Na leo nile nini?"

Nilisema nitakwenda sokoni, nitamtafuta muuzaji ninayemjua. Mama akatikisa kichwa. Mchana nilimwona ametoa kapu lake chini ya kitanda. Akakunja leso zake ndani, na dawa za presha juu yake. Alisema atapanda gari la Jumamosi. Alisema bila hasira, kwa sauti ile ile anayosemea kuwa chumvi imekwisha, akaniambia nisimsindikize kwa kuwa anajua nisivyopenda kutoka. Nilisema neno moja tu, jikoni. Akanijibu kwamba jikoni kwake anakujua.

Sina ujasiri wa kuzungumza na mama, kwa hiyo nilikaa kwenye mbuzi. Na pale, juu ya kijiti kile kile, kinyonga alikuwa amerudi. Sijui kama ni yule yule. Sikuwa nimemshonea lebo. Lakini alinitazama kwa jicho moja kama mtu anayenijua, nami sikuruka. Nilimwambia polepole kwamba amechelewa.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa barazani nakaza gurudumu la cherehani. Mama alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi, akichagua majani machache yaliyobaki mazima apate ya safari. Nilijua kinyonga yuko pale, nikanyamaza kwa uoga; nilifikiri akimwona leo au asipomwona, kapu limeshafungwa.

Sasa kunguru. Wageni huona mji huu una bahari. Sisi wenyeji tunajua una kunguru. Kunguru wetu hana aibu wala hofu. Wiki aliyokuja mama, mmoja alishuka akabeba kipande cha papa wa kukaanga kutoka sahani iliyokuwa pajani mwake. Tangu hapo, mama na kunguru ni vita. Chura ni mtu wa kawaida, kinyonga ni mkosi, lakini kunguru ni adui mwenye sura na jina.

Nilisikia mabawa, kisha nikasikia mama.

"Ala! Mwizi! Mwachie! Mwachie, nasema, mwana wa haramu wewe!"

Nilikimbia uani. Kunguru alikuwa ametua juu ya kijiti, kinyonga ameng'ang'ania kwa miguu yote na mkia, amefura, amekuwa mweusi, mdomo wazi, anamkabili ndege aliyemzidi mara nyingi. Hakukimbia, kwa maana hajui kukimbia. Alisimama tu, mdogo, amekasirika. Na mama yangu, mwenye goti bovu, alikuwa amesimama bila mkongojo, amevua ndara. Akairusha. Ilimpita kunguru karibu na sikio, akaruka akaenda zake akitukana, na ndara ikaendelea na safari, ikavuka ua wa makuti, tukasikia imeanguka kwenye maji.

Kisha sauti ya jirani: "Mbaazi zangu!"

Alikuja kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu, ameishika ndara kwa vidole viwili, inachuruzika maji aliyolowekea mbaazi za kesho. Nilianza kuomba radhi. Mama hakuniangalia mimi wala yeye. Alikuwa ameinamia kijiti, karibu kuliko nilivyowahi kuthubutu, anamtazama kinyonga akirudi kuwa kijani kidogo kidogo.

"Amemng'ata hapa mkiani," alisema. "Lakini ni mzima. Mmemwona? Mmeona alivyomfungulia mdomo? Kimtu kidogo hivi!"

"Mama," nikasema, "huyo ni kinyonga."

"Ninajua ni nini. Si nina macho?"

"Ulisema hamkai ua mmoja."

"Nilisema." Akakaa tena juu ya mbuzi, akajinyoosha goti. "Lakini yule mwizi atarudi, nimemwona jicho lake. Na wewe ukimwona huyu unalia. Nani atakaa hapa amwangalie?" Akamwangalia kinyonga akiinua mguu, akiurudisha. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Katoe zile leso kwenye kapu, baba, zitakunjika vibaya."

Sikutembea, niliruka. Nilizitoa leso moja moja, nikazinyoosha kwa mkono kama ninavyonyoosha hariri, dawa za presha nikazirudisha dirishani. Niliporudi uani, mama alikuwa ameshamwambia jirani kwamba mbaazi zikioshwa hazina neno, na jirani alikuwa ameshakataa. Nikamwambia jirani, kwa majivuno ambayo nadhani nilistahili, kwamba mama ameamua kubaki, na kwamba tangu nianze kuilea bustani hii bila sumu, kila kiumbe kimepata kazi yake.

Jirani alimtazama kinyonga. Akamtazama mama. Akanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanikabidhi ile ndara iliyolowa.

"Fundi, sikiza nikwambie. Mamako hakubakia kwa ajili yako, wala kwa ajili ya hizo kunde zako za matundu. Amebakia kwa kuwa leo ndiyo mara ya kwanza ameona mwanamume afanyaye kazi kwenye nyumba hii, naye ana mkia."